Made in Japan ndiyo baba wa albamu zote za laivu. Anayebisha aje

Mzee wa Santuri: Wadau, jana usiku nimeirudia Made in Japan ya bendi ya roki ya Deep Purple, pande zote nne bila kunyanyuka. Imerekodiwa ukumbi wa Budokan, Tokyo, 1972. Nyimbo saba tu, santuri mbili. Space Truckin' peke yake inakula upande mzima, karibu dakika 20. Sikilizeni Strange Kind of Woman, Blackmore anavyorusha kipande cha gitaa na Gillan anakirudisha kwa koo, wanapandishana mpaka unashika roho. Hiyo Live at Leeds ya bendi ya The Who mnayoisifia kila siku ni nusu tamasha iliyofungwa kwenye karatasi ya kaki.

Kijana wa Besi: Shikamoo mzee, ila hiyo kaki imenichoma. Jalada lile walilifanya makusudi lifanane na santuri za magendo, zile zinazorekodiwa bila ruhusa ya bendi. Na kwenye lebo wameandika kwa mkono kwamba mikwaruzo inayosikika ni sawa, isirekebishwe. Watu wasioficha kitu hao! Ukumbi wa chakula wa wanafunzi, Chuo Kikuu cha Leeds, 14 Februari 1970, gitaa moja, besi moja, dramu, muimbaji, basi. Besi iko spika moja, gitaa nyingine. Punguza ya gitaa umsikie mpiga besi, Entwistle.

Binti Forodhani: Mnagombania hao wakati mtoto wetu wa Unguja, Freddie Mercury wa bendi ya Queen, ana Live Killers, 1979.

Kijana wa Besi: Live Killers? Dada, katikati ya Bohemian Rhapsody, pale wanapoimba kama opera, ile ni kanda! Queen wanashuka jukwaani, kanda inaimba. Huku kwetu tunaita pleibeki.

Binti Forodhani: Pleibeki ni kuchezesha mdomo ukijifanya unaimba. Wao walitoka jukwaani watu wakiona. Sauti zile zilipangwa studio tabaka juu ya tabaka, watu wanne wangezitoa wapi? Usimvunjie Freddie heshima.

Msema Kweli: "Wetu" tangu lini? Amezaliwa 1946, kapelekwa shule India, 1964 familia ikahamia Uingereza. Unguja hajaimba hata siku moja akiwa na Queen.

Binti Forodhani: Familia ilikimbia Mapinduzi, haikuichoka Zanzibar. Kijana wa miaka 17 akihamishwa, kitovu chake kinafukuliwa aende nacho? Mimi nimekulia Mji Mkongwe, usinifundishe nani wetu.

Msema Kweli: Kitovu hakipigi kinanda. Alichokifanya Uingereza ni cha Uingereza. Mapenzi yako yasigeuke historia.

Binti Forodhani: Na chuki yako je?

Mzee wa Santuri: Jamani, niliuliza habari za Japani.

Fundi Mitambo: Mzee mwenzangu, Japani ndiyo, lakini si Tokyo tupu. Walipiga Osaka tarehe 15 na 16 Agosti, Budokan ikafuata 17. Nyimbo mbili tu ndizo za Tokyo, The Mule na Lazy. Smoke on the Water ni ya Osaka usiku wa kwanza. Uzuri wake kwangu ni kwamba fundi wa kurekodi, Martin Birch, alikamata kilichopigwa, hawakurudi studio kuziba mashimo. Mimi nimefunga vipaza sauti vya bendi za dansi miaka mingi. Tukirekodi, bendi nzima chumba kimoja. Tarumbeta ikiteleza dakika ya nane, wote mnaanza upya, na mpiga tarumbeta hatazamwi usoni. Ndiyo maana nikimsikia Gillan anaomba kila kitu kipandishwe sauti kuliko kila kitu kingine, namwona fundi mwenzangu na vidole vyake kwenye mitambo. Kijana, hao "wasioficha kitu" sauti za kuitikia za Leeds walizirudia studio.

Kijana wa Besi: Za kuitikia tu! Besi hawakuigusa.

Fundi Mitambo: Kwa hiyo kumbe kuziba kidogo kunaruhusiwa? Basi mwombe radhi yule dada wa kanda.

Kijana wa Besi: Simwombi. Kuitikia ni kuitikia, opera nzima ni opera nzima.