Je, "chai" kidogo huharakisha huduma za umma?

Swali: Wengine hudai kitu kidogo hulainisha mambo. Je, foleni husogea kweli?

Jibu 1: Husogea kwa aliyetoa tu. Karani akishaona kuchelewesha kunalipa, faili hulala mezani makusudi, na saini moja huwa tatu. Asiye na cha kutoa huacha kabisa kufuata huduma.

Jibu 2: Tazameni na zabuni, huko hasara ni kubwa zaidi. Mkandarasi aliyehonga hujifidia kwenye kazi yenyewe: tabaka la kokoto hupunguzwa, ushindiliaji huharakishwa, mitaro huachwa. Maji yakipenya chini ya lami, barabara hubomoka mapema, na umma hulipa mara ya pili.

Jibu 3: Dawa ipo. Nchini Uganda, kati ya 1991 na 1995, shule za msingi zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku zisizo za mishahara. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa. Kufikia 2001 zilikuwa zinapata zaidi ya asilimia 80. Ofisini vilevile: bandikeni ada halali dirishani, toeni stakabadhi zenye namba, na anayepokea fedha asiwe ndiye anayeidhinisha kibali.