Nyungu kwa mtu mzima sawa, ila mtoto mdogo mnamfunika blanketi la nini?

Wakuu, mafua yamerudi na majani ya mkaratusi yanauzwa tena kwa mafungu sokoni. Siwapingi wapiga nyungu (kujifukiza kwa mvuke wa majani yaliyochemshwa), pua ikiziba na mimi najifunika. Mvuke unalainisha kamasi, na harufu ya mkaratusi au mchaichai inakufanya uhisi njia imefunguka. Unapata nafuu ya muda, usingizi unakuja. Kirusi haufi kwa mvuke, mafua yanaondoka kwa siku zake.

Ugomvi wangu ni watoto. Wakati wa korona, Rais Magufuli alihimiza watu wajifukize, na hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, pakawekwa hadi vibanda vya kujifukizia. Korona ikapita, nyungu ikabaki majumbani. Leo mtoto wa miaka 3 anafunikwa blanketi pamoja na sufuria iliyotoka kuchemka. Akirusha mguu tu, maji yote mapajani. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, inaungua haraka na kwa kina kuliko yako. Mwenye pumu naye, harufu kali inaweza kumbana kifua. (Wanaoingiza na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa, hao wanatafuta kifo.)

Hoja yangu: kliniki za watoto ziseme waziwazi kwamba nyungu si ya watoto wadogo. Mnakubali au mnapinga?

Jibu: Mleta mada, bibi zetu walitufukiza na tupo hai. Mama wa kijijini, duka la dawa liko mbali, ampe nini mwanawe?

Mleta mada: Ndugu, walioungua nao wapo, ila hakuna anayekuja hapa kuonyesha makovu ya mapajani. Chumvi ipo kila jikoni. Nusu kijiko cha chai kwenye robo lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, matone mawili matatu kila tundu la pua, kamasi inalegea. Anyonye au anywe mara kwa mara. Ukiona anapumua harakaharaka au mbavu zinabonyea ndani, hapo hakuna cha nyungu wala chumvi, mkimbize hospitali.

Jibu: Kwenye chumvi nakuunga mkono. Ila kumwambia mama mkwe asimfukize mjukuu wake, nenda wewe.