Ati "kwani karatasi hukuiona?" Wakuu, nimetukanwa leo na bado sijapoa

MachoManne ameandika:

Wakuu, sina hata muda wa salamu. Naandika herufi nimezikuza mpaka neno moja linajaa kioo kizima cha simu, maana asubuhi nimetiwa matone na mboni bado zimekodoka kama za bundi. Mkikuta nimekosea, mnielewe.

Ni yule wa meza ya mafaili. Simtaji. Mmeshamjua. Yule mwenye kalamu inayoning'inia shingoni kama filimbi ya refa, anayeita jina lako kama anasoma hukumu.

Nimeitwa maandalizi ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Mtoto gani, huyu wangu sasa ni mtu mzima ana kitambulisho. Jicho la kulia naiona dunia kama kioo cha bafuni baada ya maji ya moto, na usiku taa za magari zinachanua kama alizeti.

Jana nimejiandaa kuliko bwana harusi. Sijala tangu jioni, jirani kaniapia kwamba upasuaji ni tumbo tupu. Alfajiri nikavaa lenzi zangu, maana bila hizo hata mlango wa kutokea nauotea. Nikafika wa kwanza. Wa kwanza! Mlinzi mwenyewe alikuwa bado anapiga miayo.

Basi yule akafungua faili, akaniinamia usoni, akapaza sauti ikafika maegesho: "Umekuja na lenzi machoni? Kwani karatasi hukuiona?"

Rudieni kusoma. KWANI KARATASI HUKUIONA. Kliniki ya macho. Ya MACHO. Benchi limejaa watu kumi na wawili na hakuna hata mmoja anayeiona saa ya ukutani. Ningekuwa naziona karatasi, ningefuata nini pale?

Na karatasi yenyewe sasa! Herufi kama mayai ya chawa, wino wa kijivu, tena nyuma ya ukurasa. Jioni hii ndio binti yangu kanisomea: lenzi laini zivuliwe wiki nzima kabla ya kipimo, zile ngumu hata wiki kadhaa. Ati zinakandamiza kioo cha mbele cha jicho kinabadilika umbo, na wakikipima hivyo wanaweza kuniwekea ndani ya jicho lenzi ya bandia isiyo yangu. Sawa. Sijabisha. Lakini kwani karatasi hukuiona?

Benchi likacheka. Kuna mzee mmoja ana bandeji jicho moja, kacheka mpaka bandeji ikahama.

Hakuishia hapo. "Umekula?" Nikajibu kwa fahari kwamba sijala. "Nani kakutuma ufunge? Leo hapasuliwi mtu." Dawa unazotumia? Nikamwambia cheupe cha asubuhi na kile kirefu cha jioni. Nani kakusindikiza? Nikamwonesha mwavuli. Akanifunga mpira wa presha, presha juu. Ingeachaje kupanda, nimetoka kutukanwa dakika mbili zilizopita! Kaa robo saa utulie, tupime tena. Nikakaa robo saa nikimtazama yeye. Ikapanda zaidi.

Daktari ni muungwana, kanitia matone kaangalia nyuma ya jicho, kasema kipimo cha hiyo lenzi ya bandia nirudi nikiwa nimezivua hizi zangu wiki nzima. Nimetoka pale lenzi mfukoni, mboni wazi, jua la saa sita, nikaiamkia nguzo ya umeme. Shikamoo kabisa. Na kichwani linazunguka neno moja tu. Hukuiona.

KitiChaMbele:

Nimekaa. Hiyo nguzo iliitikia?

Sina_Haraka:

Hahahaha "nikamwonesha mwavuli". Mkuu unastahili kutukanwa mara ya pili.

BintiSelemani77:

Huyo namjua!! Ana mkoba wa kahawia? Mama yangu alimwambia "sioni vizuri", akamjibu "sogea basi karibu". Pole mzee wangu.

NesiMstaafu:

Kaka, pole, ila na mimi nimekaa miaka mingi kwenye meza kama hiyo, niache niseme kidogo. Jicho la mtu mzima kutoka mbele hadi nyuma ni kama milimita 24 tu. Tukikosea milimita moja katika kupima, unatoka chumba cha upasuaji na miwani mizito ya namba mbili na nusu au zaidi, halafu unakuja kutufokea. Na kioo cha mbele kikiwa kimebadilika umbo, hesabu inaharibika vilevile, ndiyo maana lenzi zinatolewa mapema. Kusindikizwa nako si adabu tu, ukishatiwa yale matone saa kadhaa huna jicho la kuendeshea wala la kuvukia barabara, kamuulize nguzo.

Na kile "kirefu cha jioni", isije ikawa ni tamsulosini ya tezi dume? Hiyo usiifiche hata kidogo. Tangu 2005 madaktari wa macho wameijua: ile sehemu ya rangi ya jicho inalegea na kupepea wakati wa upasuaji, na mboni inajifunga. Hata kama uliacha zamani, sema. Akijua mapema anajipanga. Beba paketi zenyewe, usibebe rangi zake.

MachoManne:

Dada yangu, nashukuru, lakini mbona na wewe unalitangaza mbele ya benchi zima?

Sina_Haraka:

Kumbe kirefu cha jioni ni cha KULE 😂😂 Uzi umenoga.

MachoManne:

Tusihame. Kaniuliza kama sikuiona karatasi. Mimi. Karatasi.

Kikohozi_Sugu:

Bora wewe. Mimi niliulizwa kama ninaweza kulala chali nusu saa bila kukohoa wala kujitikisa. Nikakohoa kabla sijajibu. Sista akaandika kwenye fomu hata hakuniangalia.

MzeeWaUpande:

Mimi kilichonikera ni kuulizwa jicho lipi. Mapokezi, jicho lipi. Aliyenipima, jicho lipi. Wa kunitia matone, jicho lipi. Daktari mwenyewe kashika kalamu ya kunichora juu ya nyusi, jicho lipi mzee? Nikamwambia chagua unalolipenda.

NesiMstaafu:

Baba, hapo usitanie. Hilo tunauliza makusudi, hata mara kumi. Siku utakayochoshwa ukajibu "lolote" ndiyo siku ya kujuta.

MzeeWaUpande:

Sawa mama. Lakini wa mwisho aliniuliza nikiwa nimeshalala.

PuaNdefu:

Nyie mna bahati, macho. Nendeni kliniki ya masikio. Wanaita majina kwa kunong'ona. Kliniki ya MASIKIO. Nilikaa saa nne, kumbe nimeitwa mara tatu, nikaandikiwa "hakufika".

KitiChaMbele:

Hapana, hii imeshinda karatasi. Funga uzi.

GotiLaKushoto:

Hamjaona. Kliniki ya magoti ipo ghorofa ya tatu na lifti imebandikwa tangazo "tumia ngazi". Unapanda ngazi ili ukaeleze kwamba huwezi kupanda ngazi.

BintiSelemani77:

Na ukifika juu wanasema mbona umepanda vizuri tu.

GotiLaKushoto:

WALISEMA!! Maneno hayo hayo!

MachoManne:

Jamani. Karatasi yangu.

PuaNdefu:

Mzee usikasirike, ongea kwa sauti, mimi sisikii.

Kikohozi_Sugu:

GotiLaKushoto, hiyo lifti ni ile yenye kioo kilichopasuka? Niliwahi kukwama humo na mtu aliyebeba ndoo. Ngoja nisimulie.

KitiChaMbele:

Ndoo ya nini? Simulia taratibu, nimesogeza kiti.