MJADALA: Hela inayofuata iende kwenye kupandikiza uloto, au kwenye vipimo na chembe sahani?

Mleta mada:
Wadau habari za muda huu. Naomba hili tulijadili bila siasa maana linagusa familia nyingi. Hospitali ya Muhimbili, Dar, walianza kupandikiza uloto (ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) mwishoni mwa 2021, wakaanza na wagonjwa wa mayeloma, saratani ya damu inayoanzia kwenye uloto, na Benjamin Mkapa pale Dodoma wakaanza 2023 kwa watoto wenye selimundu (sikoseli). Hongera zao za dhati kabisa, zamani ilikuwa India au basi. Sasa naona watu wanadai kila hospitali ya kanda nayo ijengewe kitengo chake cha uloto, hapo ndo nasema tunaruka hatua. Mimi naona vituo hivyo viwili vikiimarishwa vinatosha kwa sasa, hela inayofuata iende kwenye kugundua saratani za damu mapema na kuwa na damu ya uhakika, hasa chembe sahani, zile chembe za damu zinazozuia mtu asivuje damu.

Watu wengi wanadhani kupandikiza uloto ni operesheni, kumbe mgonjwa anapewa kwanza dawa kali zinazoua uloto wake, alafu mbegu za damu (seli changa zinazozaa damu mpya) zinaingizwa kwenye mshipa kama mtu anavyoongezewa damu, hiyo siku yenyewe inapita kimya tu. Shughuli ni wiki zinazofuata. Kinga hana, sahani hana, homa kidogo tu inaweza kumwondoa, anakaa chumba chenye hewa iliyochujwa na anaishi kwa damu za watu wengine mpaka uloto mpya uanze kuzalisha. Na chembe sahani ndugu zangu hazikai friji kama damu ya kawaida, zinakaa siku 5 hivi kwenye joto la chumba na mashine inazitikisa muda wote, tena chupa ya mchangiaji mmoja haimtoshi mtu mzima, unaunganisha za watu wanne mpaka sita, labda hospitali iwe na mashine ya kuvuna sahani nyingi kwa mtu mmoja. Ndo maana unakuta ndugu wa mgonjwa saa nne usiku wanapigia simu kwaya nzima ya kanisa na vijana wa bodaboda waje kutoa damu. Hospitali ambayo bado iko hapo ukiipa kitengo cha uloto umeipa jengo tu.

Mchangiaji, Dodoma:
Mkuu nakuelewa ila umeongea kama mtu asiye na mtoto wa selimundu ndani. Nchi hii wanazaliwa watoto kama 11,000 kila mwaka na huo ugonjwa, na kupandikiza ndo kunamtoa mtoto kwenye maumivu moja kwa moja, vituo viwili utawafikia wangapi? Alafu hizo sahani na maabara unazozililia zinakuja kwa sababu kuna kitengo kinazidai. Bila kitengo nani atanunua hiyo mashine? Manesi wakishajua kumtunza mtu asiye na kinga, huo ujuzi unamsaidia hata mgonjwa wa lukemia, saratani ya seli nyeupe za damu, wodi ya jirani.

Mleta mada:
Hoja ya manesi naikubali, ina uzito. Ila tusiwape watu tumaini lisilo na hesabu. Mgonjwa wa mayeloma anarudishiwa mbegu zake mwenyewe, sawa. Wa lukemia anahitaji za mtu mwingine, na ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 tu ya kulingana naye kikamilifu. Ukikosa ndugu unaenda kwenye rejista za dunia za watu waliojitolea kuchangia, zenye watu zaidi ya milioni 40, ambamo sisi waafrika ni wachache mno, hata rejista ya Marekani yenyewe inasema mtu mweusi ana nafasi kama asilimia 29 ya kumpata anayelingana naye wakati mzungu ana 79. Na saratani nyingi za damu zinatibika bila kupandikiza! Ile ya taya za watoto aliyoielezea daktari Burkitt kule Kampala 1958 inayeyuka kwa dawa. Lukemia ile ya pole pole, CML, tangu 2001 kuna kidonge cha imatinib, mtu anakunywa anaenda shamba. Lukemia ya watoto nchi tajiri wanapona kama 9 kati ya 10, wengi wao kwa dawa tu. Wetu tunawapoteza kabla hata ugonjwa haujapewa jina.

Mchangiaji, Mwanza:
Hapo kwenye jina umenigusa. Mimi ni mtu wa maabara, kituo sitakitaja. Analetwa mtoto ametibiwa malaria, akatibiwa UTI, ameongezewa damu mara mbili mikoa tofauti, fizi zinavuja, miguu ina madoa. Kipimo cha FBP, kile cha kuhesabu chembe za damu, kilishafanyika wiki kadhaa nyuma, seli nyeupe ziko juu mno, karatasi imekunjwa kwenye kadi ya kliniki na hakuna aliyepaka tone la damu kwenye slaidi ya kioo akaangalia kwenye darubini. Slaidi tu jamani! Akifika Muhimbili matibabu ya watoto ni bure, sawa, lakini mama ameacha wengine nyumbani na dawa za lukemia ni miaka miwili na zaidi, nauli na chakula ndo vinawarudisha njiani. Mimi niko na mleta mada, ila naongeza: hospitali za kanda za Bugando hapa Mwanza na KCMC kule Moshi zina vitengo vya saratani tayari, wapewe vipimo vya kutofautisha aina za lukemia, sampuli zisisubiri basi la Dar.

Mleta mada:
Asante sana mtu wa maabara, hiyo ya karatasi kukunjwa inauma. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipita 2023. Basi kwenye kitita, yaani orodha ya huduma ambazo bima inalipia, tudai viandikwe kwa majina: FBP ikiwa na slaidi yake, kipimo cha uloto, chembe sahani, dawa za lukemia mpaka dozi ya mwisho. Ndugu yangu wa Dodoma, kitengo cha tatu cha uloto nitakiunga mkono siku mkoa wowote ukiweza kumpa mgonjwa sahani usiku uleule aliozihitaji, bila ndugu kuzunguka kutafuta watu. Wewe ungeanza na kipi?