Kisu kimoja cha mfukoni kwa kazi na kujilinda: Victorinox Climber, Opinel namba 8 au Spyderco Delica?

Mtu wa Stoo
Wakuu habari zenu. Naombeni mnisaidie maana hili jambo nazunguka nalo wiki ya tatu sasa. Kazi yangu ni stoo, kutwa nafungua maboksi, nakata kamba, zile tai za plastiki, na nailoni wanayozungushia mzigo kwenye paleti. Vile visu vyembamba vya kuvuta tunavyopewa vinakatika kila siku. Alafu natoka usiku, kuna kipande cha njia hakina taa kabisa natembea kama dakika 15 peke yangu, kwahiyo nataka kisu kimoja kikae mfukoni kifanye yote mawili, kazi na kujilinda likitokea la kutokea. Nimebaki na vitatu: Victorinox Climber, Opinel namba 8 na Spyderco Delica 4. Vyote nimevishika mkononi, vyote nimevipenda. Mngekuwa nyie?

Mnoaji
Karibu mkuu, umechagua vizuri, hapo hakuna kibaya, tatizo ni kwamba havifanani hata kidogo.

Climber ina bapa mbili, mkasi, kifungua kopo na bisibisi. Mkasi wake ni mzuri kuliko unavyodhani, utautumia kuliko bapa lenyewe. Ila haina loki, kinachoshikilia bapa ni springi tu. Chuma chake ni cha pua na ni laini kiasi, ugumu kama 56 kwa kipimo cha Rockwell, kinaisha makali mapema lakini dakika tano kwenye jiwe kinarudi.

Opinel namba 8 ni bapa moja la sentimita 8.5 na mpini wa mti, ukizungusha ile pete ya chuma shingoni bapa halirudi. Pete hiyo wameiweka tangu 1955. Bapa ni jembamba sana ndiyo maana kinakata vile, kwenye boksi kinapita chenyewe. Kwa asiyezoea kufungua kunataka mikono miwili, na ukikilowesha mti unavimba mpaka bapa linagoma kutoka. Ukichukua cha chuma cha kaboni ujue kutu inakungoja, jasho la mfukoni tu linatosha.

Delica ina tundu la duara kwenye bapa unasukuma kwa dole gumba, mkono mmoja, loki iko mgongoni, klipu inakaa ukingoni mwa mfuko. Gramu 71 hivi. Chuma ni VG-10, ugumu kama 60, kinashika makali muda mrefu ila kukinoa kunataka subira, na ukikitumia kubandua vitu ncha inamegeka.

Kwa kazi uliyosema mimi ni Delica bila kufikiria mara mbili. Maboksi yanakula makali vibaya mno, yale makaratasi yana vumbi la madini ndani, hapo chuma kigumu utakipenda. Habari ya kujilinda nawaachia wengine.

Kidole Kimoja
Naongezea kwenye loki maana watu huwa wanaipita haraka. Mimi nilikuwa na kisu kisicho na loki, sitataja cha nani kwa sababu kosa lilikuwa langu, nikawa natoboa plastiki ngumu nakichomeka na kukizungusha, bapa likarudi likanikunjia kidole cha shahada. Kano ilikatika. Nilishonwa, nikafanya mazoezi ya mkono miezi, na mpaka leo hicho kidole hakikunji chote. Kisu kisicho na loki ni cha kukata kwa kuvuta, basi. Usitoboe nacho, usichokonoe nacho. Na kama una wazo la kumchoma mtu nacho gizani mkono unatetemeka, fikiria bapa litarudi upande gani.

Dada Kamba
Mimi nafundisha mazoezi ya kujihami, mikono mitupu na vifaa, na hili swali naletewa kila mwezi. Kaka naomba unielewe sina nia ya kukukatisha tamaa.

Kuna zoezi nawafanyisha wanafunzi wapya. Wawili wanavaa fulana nyeupe, kila mmoja anapewa kalamu nene ya wino mwekundu badala ya kisu, nawaambia jilindeni. Sekunde kumi tu. Sijawahi kuona fulana moja ikabaki safi. Hata yule aliyeshinda, aliyekuwa mwepesi na mwenye nguvu, ana mistari mikononi, shingoni, kwenye kwapa. Na hao wameanza kalamu ikiwa tayari mkononi, mwanga upo, wanajua kinachokuja. Wewe utakuwa umeshtukizwa, kisu kimekunjwa kimelala mfukoni.

Jambo la pili, hivyo visu vitatu havijatengenezwa kwa hilo. Vingi vya mfukoni mpini wake hauna kizuizi cha maana mbele, mkono ukilowa jasho au damu unateleza unaingia kwenye makali yako mwenyewe. Hapo silaumu kisu, ni kifaa cha kukatia.

Mtu wa Stoo
Dada nimekusoma na asante. Lakini si lazima nipigane, nilikuwa nafikiria hata kukionyesha tu mtu si anaghairi? Na ile Delica inafunguka kwa mkono mmoja fasta.

Mzee wa Zamu
Mdogo wangu, mimi nililinda magetini miaka mingi na nimeshawahi kuporwa nikiwa na kisu. Kilikuwa mfuko wa kulia. Mkono wa kulia ulikuwa umebeba mfuko, wa kushoto una funguo. Walitokea wawili, mmoja alikuwa ameshanishika kola kabla sijajua kama kuna mtu. Kisu sikukigusa, hata hakikunijia akilini mpaka nilipofika nyumbani. Walichukua simu na pochi. Nilikasirika siku nyingi, najiona mnyonge, baadae nikakaa nikawaza ningekitoa ingekuwaje, wao wawili na mmoja mkono wake wa pili sikuuona ulikuwa na nini. Simu nilinunua nyingine.

Kuhusu kuonyesha: ukikionyesha umeshamwambia mwenzako kwamba hapa ni silaha. Kama hana atakimbia, sawa. Kama anayo ndiyo umempa sababu ya kuitumia.

Pima Umbali
Kuna askari polisi wa Marekani anaitwa Dennis Tueller, mwaka 1983 aliandika kuhusu jaribio lake: mtu wa kawaida anakimbia futi 21, yaani mita 6.4, kwa sekunde moja na nusu hivi, na huo ndio muda askari aliyefunzwa anahitaji kuchomoa bastola kiunoni na kufyatua. Sasa wewe uingize mkono mfukoni, ukishike kisawasawa, ukifungue, na gizani utamwona akiwa mita ngapi? Mbili? Hiyo fasta ya dole gumba ni ya kwenye maboksi.

Kifungu
Na sheria jamani msiisahau, kabla hujanunua soma ya nchi unayoishi na unayosafiria. Mfano Uingereza kisu cha kukunja kisicho na loki, makali yasiyozidi inchi 3 (sentimita 7.62), unaruhusiwa kutembea nacho bila kueleza sababu. Kikiwa na loki tu, hata kiwe kidogo vipi, lazima uwe na sababu, na kule ukisema ni cha kujilinda hiyo haihesabiki kuwa sababu, umejikaanga mwenyewe. Japani bapa likizidi sentimita 6 unatakiwa sababu halali. Ujerumani wanabana hasa vile vyenye loki vinavyofunguka kwa mkono mmoja, aina ya Delica kabisa. Kwahiyo kisu hichohicho ukisema nafungulia maboksi na unatoka kazini kweli ni kifaa, ukisema cha kumchoma mtu ni silaha. Maneno yako ndiyo yanakibadilisha.

Mnoaji
@Kifungu hapo umenikumbusha, nilimwambia Delica bila kufikiria mara mbili, nafuta hilo. Kama kwao loki ina shida basi Climber, na aheshimu alichosema Kidole Kimoja.

Dada Kamba
Kaka ile njia yako tuitafutie dawa yake peke yake. Nunua tochi ndogo yenye nguvu, lumeni 500 na kuendelea (lumeni ni kipimo cha mwanga), kitufe kiwe kitakoni ili dole gumba likipate bila kutafuta. Uishike mkononi tangu unatoka getini, isiwe mfukoni. Inakuonyesha mtu akiwa mbali, na hapo ndipo unapata zile sekunde alizosema Pima Umbali. Ukimmulika machoni gizani haoni vizuri kwa muda na wewe unaondoka. Hukosei mtu ukamuua, na sehemu nyingi hakuna askari atakayekuuliza tochi ya nini. Ongeza king'ora kidogo cha dharura cha kuvuta pini. Na hakuna mwenzako wa zamu hiyo anayepita njia hiyo?

Mtu wa Stoo
Yupo mmoja anatoka nusu saa baada yangu, sijawahi kumuuliza kwakweli.

Basi wakuu nimeangalia sheria ya hapa nilipo, loki inaruhusiwa kwa mtu wa kazini. Nachukua Delica, inakaa mfuko wa ovaroli, nikitoka naiacha kwenye kabati langu la kazini. Na tochi nanunua wiki hiihii. Huyo jamaa nitamuuliza kesho, nusu saa nitakaa nisubiri. Mnoaji hiyo VG-10 nianzie jiwe gani?

Mnoaji
Jiwe la namba 1000 upande mmoja, 3000 au 4000 upande wa pili, na bapa uliinamishe nyuzi 15 hadi 20 kila upande wake. Usisubiri kiwe butu kabisa, kikianza tu kuchana boksi badala ya kukata kipitishe kidogo. Na gundi ya selotepu ikiganda kwenye bapa futa na spiriti, usiikwangue na kisu kingine.