Mtoto wa miezi 14 aliyeanguka: arudie CT ya kichwa ili "kuhakikisha"?

Mama Nasra, Tanga

Ndugu zangu, hamjambo. Naomba ushauri wa wenye ujuzi wa vipimo vya watoto. Siku 9 zilizopita binti yangu wa miezi 14 alibingirika kutoka kitandani, kimo cha sentimita 60 hivi, akaangukia sakafu ya saruji. Alilia papo hapo, baada ya muda mfupi akanyonya, na nundu ikamtoka kwenye paji la uso, yenye ukubwa wa ndimu ndogo. Hakutapika, hakupoteza fahamu.

Katika hospitali tuliyomkimbiza, daktari wa zamu alimpima kwa makini, akasema tukae naye hapo kwa saa chache aangaliwe. Babu yake hakukubali. Alisema kuangalia kwa macho si kipimo. Tukahamia hospitali nyingine, na huko CT ya kichwa, yaani picha za ndani ya kichwa zinazopigwa kwa mionzi, ikafanywa ndani ya nusu saa. Majibu yalikuwa safi. Sasa tumeambiwa tumrudishe wiki ijayo kwa CT ya pili, ya kuhakikisha tu, ingawa mtoto anacheza, anakula, na nundu imekwisha.

Naomba kujua kama ile ya kwanza ilikuwa ya lazima, na kama hii ya pili niikubali. Pia kwenye karatasi ya majibu kuna mstari ulioandikwa "CTDIvol 58 mGy", ambao hakuna aliyenieleza maana yake.

Mpiga Picha wa Zamu

Mama Nasra, pole kwa mshtuko mlioupata. Mimi ni mtaalamu wa mionzi, na kazi yangu ya kila siku ni hiyo mashine. Nianze na CT ya pili kwa kuwa ndiyo iliyo mbele yako. Kurudia picha kuna sababu pale mtoto anapopata dalili mpya, au pale picha ya kwanza ilipoonyesha jambo la kufuatiliwa, kama vile damu kidogo ndani ya fuvu. Mtoto asiye na dalili, ambaye picha yake ya kwanza ni safi, hana swali ambalo CT nyingine italijibu. Mwulize daktari kwa heshima anatafuta nini, na matibabu yatabadilika vipi akikipata au asipokipata.

Kuhusu ya kwanza, upo mwongozo unaotumiwa katika nchi nyingi, uitwao PECARN, uliotokana na utafiti wa Marekani uliochapishwa 2009, ambao ulihusisha watoto zaidi ya 42,000 waliogonga kichwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 2 huangaliwa mambo haya: je, fahamu zake zimebadilika, fuvu linapapasika kuwa limevunjika, nundu iko kisogoni au pembeni mwa kichwa, alizimia kwa sekunde 5 au zaidi, alianguka kutoka kimo cha zaidi ya sentimita 90 au ajali yenyewe ilikuwa kubwa, na je, mzazi anaona kuwa mtoto si yule wa kila siku. Asipokuwa na hata moja, uwezekano wa jeraha kubwa la ubongo ni chini ya 2 kati ya watoto 10,000. Nundu ya binti yako ilikuwa kwenye paji la uso na kimo kilikuwa sentimita 60. Kwa maelezo uliyotoa, yule daktari wa kwanza alikuwa sahihi, na zile saa chache alizozitaka ndizo zilizokuwa kipimo chenyewe.

Sasa hiyo 58. Ni kadirio la dozi ya mionzi ambayo mashine ilitoa, kwa kipimo cha miligrei (mGy). Mwongozo wa Ulaya wa 2018 unataja miligrei 40 kuwa kiwango cha kulinganishia CT ya kichwa cha mtoto wa mwaka 1 hadi chini ya 6, na kwa mtu mzima namba hiyo huwa kama 60. Si mstari wa hatari, wala 58 haimaanishi kwamba mtoto ameunguzwa. Lakini nikiona namba hiyo kwa mtoto wa miezi 14, jambo la kwanza ninalolishuku ni kwamba programu ya mtu mzima haikubadilishwa. Fuvu la mtoto ni jembamba, mionzi hupenya kwa urahisi, kwa hiyo picha nzuri hupatikana kwa dozi ndogo zaidi. Ombi ambalo wataalamu wa radiolojia ya watoto wamelirudia tangu kampeni ya Image Gently ilipoanza Marekani 2008 ni hilo hilo: mashine ipangwe kwa mwili wa mtoto, na ipigwe sehemu inayohitajika tu, mara moja.

Mzee Kitwana

Nawasoma kwa heshima, lakini naona mnamfanya mama huyu ajute. Mjukuu wa jirani yangu alianguka kutoka juu ya mwembe, akarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu, na usiku hakuamka. Mimi niko upande wa huyo babu. Mashine ipo, fedha ya bima ipo, basi mtoto apigwe picha na roho za watu zitulie. Hiyo mionzi inayotajwa ni kiasi gani hata tuiogope kuliko damu kichwani?

Daktari wa Watoto, Nakuru

Mzee Kitwana, shikamoo, na poleni kwa msiba huo. Mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mwembe hayuko katika kundi la binti wa Mama Nasra. Kimo hicho peke yake kinatosha kumfanya daktari afikirie CT, au angalau amlaze aangaliwe, na kama alikuwa anatapika au analalamika kichwa kinamuuma sana, mimi nisingesubiri. Kabla ya Oktoba 1971, mgonjwa wa kwanza alipopigwa picha ya CT katika hospitali ya Atkinson Morley kule London, damu ndani ya fuvu ilitambuliwa kwa kukisia, kwa vipimo vyenye maumivu visivyoonyesha ubongo moja kwa moja, au kwa kutoboa fuvu. Sina nia ya kuidharau mashine hii. Mtoto anayehitaji CT aipate leo, na mzazi asiikatae kwa sababu ya alichosoma hapa.

Umeuliza kiasi. CT moja ya kichwa cha mtoto, ikipangwa vizuri, humpa takribani milisiveti 2 (kipimo cha athari ya mionzi kwa mwili mzima, tofauti na miligrei), karibu sawa na mionzi ya asili ambayo mtu huipata kwa mwaka mzima kutoka ardhini, hewani na angani. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2012 ulikadiria kwamba kwa kila watoto 10,000 wa chini ya miaka 10 wanaopigwa CT ya kichwa, ndani ya miaka 10 huongezeka mgonjwa 1 wa saratani ya damu na 1 wa uvimbe wa ubongo. Ni hatari ndogo sana, na mtoto mwenye dalili huibeba kwa faida kubwa. Asiye na dalili huibeba bure, na akirudiwa huibeba tena. Fedha ya bima haibadilishi hesabu hiyo.

Baba wa Kichwa Maji

Naomba niongeze ya kwangu. Mwanangu alizaliwa na kichwa kikubwa chenye maji, na katika miezi ya mwanzo alipigwa CT 3. Daktari wa nne tuliyekutana naye alichukua kifaa cha ultrasaundi, akapaka jeli juu ya utosi, na kwenye kioo nikaona mwenyewe vile vyumba vya maji vilivyopanuka, vyeusi kama mabwawa mawili, mtoto akiwa mapajani mwa mama yake akinyonya. Hakuna mionzi, hakuna dawa ya usingizi, na dakika 10 hazikufika. Siku hizi utosi umefunga, kwa hiyo anafuatiliwa kwa MRI ya haraka, picha inayopigwa kwa sumaku bila mionzi, ambayo huchukua dakika chache tu na haitafuti kila kitu, bali ukubwa wa vile vyumba. Kwa nini Mama Nasra asiombe ultrasaundi ya utosi badala ya CT?

Daktari wa Watoto, Nakuru

Baba, kwa ugonjwa wa mwanao ultrasaundi ndiyo ya kwanza kabisa, na inasikitisha kwamba ilikuja ya nne. Kwa mtoto aliyegonga kichwa ni tofauti: kupitia utosi huoni vizuri pembe za fuvu, ambako damu nyembamba hujificha, kwa hiyo picha safi ya ultrasaundi haimtoi mtoto hatarini. Na miezi 14 utosi wa wengi umeshakuwa mdogo mno. Eksirei ya fuvu nayo huonyesha mfupa, haionyeshi ubongo.

Maendeleo mengine yapo. Kuna mashine ndogo ya MRI yenye magurudumu, ya sumaku dhaifu ya tesla 0.064, iliyoidhinishwa Marekani 2020, inayosukumwa hadi kitandani kwa mgonjwa. Na kuna CT mpya zinazohesabu chembe moja moja za mionzi, zilizoidhinishwa huko 2021, ambazo zinaweza kutoa picha kali kwa dozi ndogo. Lakini faida ya haraka zaidi kwa hospitali zetu ni kubonyeza programu ya mtoto kwenye mashine iliyopo, na hiyo haina gharama.

Mama Nasra, mtoto akianza kutapika mara kwa mara, akipata degedege, akilegea upande mmoja au akiwa mgumu kuamka, mrudishe hospitali saa hiyo hiyo. Bila hayo, hakuna haja ya picha.

Mama Nasra, Tanga

Ahsanteni sana nyote. Jana nilikwenda na karatasi yangu. Daktari alipoulizwa anatafuta nini, alisoma jalada, akakiri kuwa CT ya pili iliandikwa kwa mazoea, akaifuta kwa kalamu mbele yangu. Kisha niliomba kumwona kijana wa mashine. Alifungua orodha kwenye kompyuta, ambapo "kichwa, mtu mzima" ilikuwa mstari wa kwanza na "kichwa, mtoto" wa nne, akatafuta tarehe yetu, akanyamaza kidogo, halafu akanionyesha kwa kidole: mstari wa kwanza. Ameniomba radhi, na ameniambia kwamba atabandika karatasi pembeni mwa kioo. Babu yake bado ananuna.