Yule fundi simu wa ngazini Mwanjelwa, Mbeya: "Kwani bibi yako atajua tofauti?"

Mjukuu wa Tukuyu (mleta uzi)

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya daladala kwenda Uyole, mikono inatetemeka, herufi zikiruka mnivumilie. Jina simtaji, na sina haja. Kama umewahi kupanda zile ngazi na simu mbovu mkononi unamjua. Kofia ya sufu mwezi wowote, meza ya kioo imejaa betri zilizovimba kama maandazi, spika imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Huyo huyo.

Bibi yangu yuko Tukuyu. Ana kiswaswadu cha enzi hizo, hakina hata sehemu ya memori kadi, betri imebanwa na karatasi ya biskuti isichezecheze. Tulimnunulia simu ya kupangusa, akaishukuru sana, akaifunika kitambaa cha kudarizi juu ya kabati, mpaka leo iko pale kama picha ya marehemu. Sasa kwaya yao ilirekodiwa kanisani kwa simu, bibi yumo sauti ya pili. Faili la m4a, dakika nne, MB tatu na ushee. Nikasema huu ndio uwe mlio wa simu yake. Tatizo, kiswaswadu hakijui m4a, mp3 hakijawahi kuisikia, kinakula AMR tu, ile aina ya faili la sauti la simu za zamani.

Nikampelekea bingwa. Sekunde kumi: "Tayari, buku." Nikafurahi. Nafika stendi, najaribu, simu inasema faili halitambuliki. Kumbe mtu mzima amefuta "m4a" akaandika "amr"! Amebadilisha JINA! Yaani unamwandika mbuzi ubavuni "NG'OMBE" kwa chaki halafu unamsubiri atoe maziwa ya kiwandani.

Nikarudi. Akanuna, akafungua kompyuta, akabofyabofya, "sasa hii ndiyo yenyewe". Na badala ya kunipa niondoke zangu, akaipiga kwenye ile spika ya mpira wa baiskeli, sauti mpaka mwisho, mbele ya foleni. Wakuu. Bata wanane ndani ya ndoo, mmoja ana mafua. Kinanda kimekuwa nyuki. Besi imehama mkoa. Bibi yangu amekuwa roboti anayezama Ziwa Nyasa. Watoto wawili wa sare wakaanza kuigiza. Mama wa mchicha akauliza, "Hiyo ni redio imeharibika?"

Nikamwambia kwa adabu kabisa, kaka, bibi hasikiki hapo. Hakuinua hata macho kwenye simu anayoichomelea. Akasema:

"Kwani bibi yako atajua tofauti?"

BIBI YANGU. Mama aliyeanza kuimba kwaya kabla baba yangu hajaota meno. Anayesimamisha mazoezi kwa sababu mtu mmoja nyuma kakosea noti. Huyo ndiye hatajua tofauti! Na buku la pili akachukua.

Mzee wa Kabwe

Mkuu pole, ila umepigwa buku mbili na umelipa mwenyewe kwa miguu yako. Ulirudi kwa nini?

Mjukuu wa Tukuyu

Nilirudi kwa sababu nilimwamini. "Atajua tofauti?" Jamani.

Binti Rungwe

Mimi nimecheka kwa bata mwenye mafua hadi mwanangu kaamka. Huyo jamaa mimi alinibadilishia kioo, simu ikawa inapokelewa ukigusa chini kushoto na kukatwa ukipumua. Nikamwambia, akasema nizoee.

fundi_redio

Mleta uzi, kabla hatujamchoma moto mtu: hilo faili la pili lilitoka na ukubwa gani?

Mjukuu wa Tukuyu

KB 156. Kwani ukubwa unahusiana nini na dharau?

fundi_redio

Unahusiana sana. Dakika nne kwa KB 156 maana yake kalibana faili hadi ngazi ya chini kabisa ya ubora. AMR ya kawaida ina ngazi nane, kuanzia kilobiti 4.75 kwa sekunde hadi 12.2. Yeye kaweka 4.75. Angeweka 12.2 ungepata kama KB 384, na bata wangepungua.

Nasema wangepungua, wasingeisha. Hicho kitu 3GPP, wale wanaoweka viwango vya simu duniani, walikipitisha mwaka 1999 kwa ajili ya maongezi ya simu, basi. CD inapima sauti mara 44,100 kwa sekunde, hii inapima mara 8,000. Sauti nyembamba, za juu ya hezi 3,400 hivi, inazifyeka, na besi ya chini inaenda nayo. Halafu inakata sauti vipande vya milisekunde 20, na kila kipande inakikisia kana kwamba kuna koo moja la mtu mmoja linaongea. Wewe umeipa sauti nne, kinanda na vigelegele. Inatafuta koo ni la nani, hailioni, inatoa bata.

Mzee wa Kabwe

"Inatafuta koo ni la nani" 😂😂 Naiba hiyo.

Mjukuu wa Tukuyu

Sawa fundi, nimeelewa, asante. Ila yeye angeweza kuniambia hivyo hivyo ulivyoniambia wewe. Maneno matatu tu: mziki hautatoka vizuri. Ningeelewa! Badala yake, mbele ya watoto wa shule, "kwani bibi yako atajua..." Siwezi hata kumalizia.

fundi_redio

Chukua faili la mwanzo, lile la m4a, usichukue hilo la ndoo ukalibadilisha tena. Kata sekunde 30 tu pale bibi anaposikika peke yake au kinanda kimetulia. Mono (chaneli moja), vipimo 8,000 kwa sekunde, kilobiti 12.2. Punguza sauti kidogo kabla ya kubana isipasuke. Litatoka kama KB 48 na kiswaswadu kitalimeza bila kikohozi. Mlio wa simu dakika nne wa nini, bibi anapokea baada ya wiki?

Kalenga Boy

Kamwene wakuu. Nyie mna bahati mnalia na mafundi simu. Njooni huku Iringa mkutane na fundi cherehani wangu. Suti ya harusi ya kaka, kaniambia Jumatano. Harusi imepita, mtoto kazaliwa, suti iko mkono mmoja.

Binti Rungwe

@Kalenga Boy mafundi cherehani wote wanasoma chuo kimoja. "Bado vifungo tu."

Mzee wa Kabwe

Bado vifungo tu 😂 na ukienda unakuta kitambaa hakijakatwa.

Dada wa Makambako

Nyie mnalilia suti na bata. Sisi wa viazi tunalilia wapi? Dalali kaja shambani jana na gunia lililoshonewa kilemba juu, lumbesa ya kupandia ngazi. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Namwambia hii inazidi, ananijibu "mama, gunia ni gunia". Nikamwambia basi nikulipe nusu noti, noti ni noti.

Kalenga Boy

Dada umemaliza kila kitu. Noti ni noti!!

Mzee wa Kabwe

Lumbesa haitaisha mpaka wakulima wote mgome siku moja. Mmoja akikataa, jirani anajaza.

Dada wa Makambako

Jirani yangu ndiye aliyejaza. Na ananisalimia.

Mjukuu wa Tukuyu

Wakuu, kwa faida ya wanaofuatilia uzi: nimefuata alivyosema fundi_redio, nimeshuka Uyole kwa kijana mwenye kompyuta, sekunde 30, 12.2. Bata wamebaki wawili na wako mbali. Bibi anasikika! Kama yuko ndani ya kopo, lakini ni yeye. Na kijana kakataa hela, kaniambia nimsalimie. Sasa naona nimchukue bibi mwenyewe, nimpandishe zile ngazi, amwimbie yule bwana usoni, halafu nimuulize yeye kama anajua tofau

Kalenga Boy

Mkuu umekatika.

Binti Rungwe

Chaji imeisha, huyo. Dada wa Makambako, kilo 100 kweli zenyewe, bila kilemba, unauza ngapi? Niko Kiwira.

Dada wa Makambako

Njoo inboksi mdogo wangu.

Mjukuu wa Tukuyu

Nimerudi, simu ilizima. Kwa hiyo uzi wangu wa bibi umekuwa mnada wa viazi?

Mzee wa Kabwe

Vya Kitulo au vya Umalila? Wahusika waseme kabla hatujaagiza.

Mjukuu wa Tukuyu

Vya Umalila vinaiva haraka. Mimi pia niwekeeni gunia moja.